Bega ya Kushoto

Papa Balagizi alikuwa anakata kitambaa akigeukia ukuta. Hiyo njo kitu ya kwanza bantu ba soko ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, batakuambia juu yake, na mi nina haki ya kuisema kuliko bote, kwa sababu meza yangu na meza yake zinaangaliana. Ile mugongo nimeiangalia mpaka naijua kuliko sura ya marehemu bwana yangu. Muntu akileta kitenge, Balagizi anaipokea, anaipapasa pembe, anaipeleka karibu na pua sawa vile unapima samaki ya kukauka, kisha anageuka. Unasikia makasi tu. Akirudi kukuangalia, libaya, ile blauzi ya kitenge, imekwisha kukatwa, vipande amevilaza kimoja juu ya kingine, na kile ulitaka kuona kiko chini kabisa.

Naitwa Pascaline, lakini hapa kambini ni Mama Carmen. Natoka Bukavu kama yeye, na mi ni fundi kama yeye. Nashona nguo za koro ya kanisa, nashona uniforme za masomo, nguo ya ndoa pia, kama hamuniharakishe. Lakini bega ya libaya ya Balagizi, ile ilinishinda. Bega inasimama, mukono inashuka bila kuvuta popote, na mama aliyechoka na maisha akiivaa anatembea kama bibi ya gavana. Bamama balikuwa banatoka Mponela, banatoka mpaka Lilongwe, banapita mbele ya meza yangu bila hata kunisalimia, banaenda kwake. Nilikuwa na wivu. Kwa nini nikufiche?

Usifikiri sikujaribu. Kuna libaya moja ya Balagizi nilinunua kwa mama aliyekuwa anahama, nikaifumua yote. Ndani ya bega ya kushoto nilikuta kikunjo kidogo, ukubwa wa ukucha, kimeshonwa kwa mukono. Kushoto tu. Kulia hakuna kitu. Nikasema, haya, nimekukamata, muzee. Nikakata libaya yangu, nikaweka kikunjo fasi ile ile, na nguo ikapinda upande mumoja kama gari iliyotoboka tairi. Carmen, mutoto yangu, alicheka mpaka nikamutuma maji. Toka siku ile nilijua kuna kitu anafanya na makasi pale ukutani kabla ya kile kikunjo, na kwamba hataionyesha muntu mpaka kaburi.

Yeye mwenyewe hakufundishwa, na alikuwa anajisifu kwa hiyo. Alipokuwa kijana aliingia apranti kwa fundi mumoja muzee wa Nyawera, kule Bukavu, Papa Delphin, na kazi aliyopewa ni kufagia na kuwasha makaa ya pasi. Ukiangalia meza, Papa Delphin anafunika kitambaa. Ukimuuliza kitu, anakutuma sigara. Njo vile bafundi ba kule balikuwa banalea bafundi: hakuna mwenye kukufundisha, ila na hakuna mwenye kukufukuza. Unashika fagio, unainama, unaiba na macho. Muntu anafagia fasi moja mpaka simenti inang'aa. Halafu siku moja muzee anagonjwa, kuna nguo ya ndoa, na we unaikata sawa yeye, na kila muntu anajua sasa we ni fundi.

"Kitu ya kupewa haikae," Balagizi alikuwa anapenda kusema. "Kitu ya kuiba njo inakaa."

Basi muntu aliyeiba anajua ginsi banaiba. Kila mwenye kusimama karibu ya meza yake alikuwa mwizi. Ukimuuliza bei ya uzi, anakuuliza unataka kushona nini. Pasta akija kumuombea, Balagizi anafunga jicho moja tu.

Halafu macho ilianza kumufia. Alijificha, maskini. Aliniletea sindano akisema, "Mama Carmen, uniingizie uzi, leo vidole imevimba." Kesho vidole imevimba tena. Kuvimba gani ya kila siku? Alisalimia nguzo ya umeme kwa heshima yote. Pale hospitali infirmier alimuelezea kwa sauti kubwa ya mwenye kufikiri muzee haoni basi na hasikii: ni presha ya macho, dawa itapunguza mwendo yake, lakini iliyokwenda hairudi. Mustari nzima ilisikia. Soko nzima ilijua, na soko nzima ilinyamaza, na yeye peke yake aliamini ni siri. Mficha uchi hazai, lakini nani angemuambia?

Kwa hiyo mambo ilikuwa hivi. Ile macho ikifungika kabla ya kumuachia muntu bega, bega inakufa, na Balagizi anabaki muzee wa kushikwa mukono na bajirani. Hakuwa na bibi, alikufia Bukavu. Mutoto alikuwa naye mumoja, Stéphanie. Na huyo alimufukuza yeye mwenyewe.

Stéphanie alilelewa chini ya ile meza. Kati ya miguu ya baba na ukuta njo ilikuwa kitanda yake, shule yake, uwanja yake ya michezo. Ukifikiri vizuri, ilikuwa fasi moja tu duniani ambako muntu anaweza kuona ile makasi inafanya nini, lakini nani anaangalia mutoto anayecheza na vipande? Akawa musichana, akawa anapiga pasi na kufunga vifungo. Siku moja, nimekaa pale kwangu, nikamusikia anauliza, "Papa, hii ya kushoto, kwa nini unai..."

Hakumaliza. Balagizi alipiga meza na metre ya chuma.

"Nani amekutuma kuuliza?"

"Hakuna muntu, Papa. Naona tu."

"Muntu haulizi kitu kama hiyo peke yake. Nani amekutuma?" Na akageuza kichwa upande wangu. Upande wangu mimi, niliyekuwa natafuna mandasi yangu kwa amani! Nilikasirika, nikamuambia, "Papa Stéphanie, mi sina haja ya kutuma mutoto, nina mudomo." Ilikuwa kama kumwagia moto mafuta. Alisema binti asiguse meza tena, na kama anaona amejua, aende kwa ule aliyemutuma. Musichana alilia wiki ile yote. Koro yao ilipoenda kuimba Lilongwe, alienda nayo, na koro ilirudi bila yeye.

Mwanzoni alituma salamu kupitia bantu ba kanisa. Kisha ikatoka amri ya serikali kwamba wakimbizi barudi kukaa kambini, bale bangali Lilongwe bakajificha, na salamu ikakatika. Muntu akimuita Balagizi "Papa Stéphanie", anajifanya hasikii. Tukazoea kumuita jina yake tupu.

Sasa sikia ginsi mambo ilitikisika. Shirika moja hapa kambini ilitaka kufungua masomo ya ushonaji, ikatafuta bafundi ba kufundisha. Ikatuletea Madamu Charlène kutoka Lilongwe, binti wa Bukavu pia, amesomea ginsi bantu banajifunza. Hakuwa na majivuno, nasema ukweli. Alituambia atamuita kila fundi peke yake, amuulize maswali kidogo. Swali kubwa ilikuwa hii: ukitaka kujifunza kitu mupya, unapenda kuiona, kuisikia, ao kuishika?

We unayesoma hii labda unaona ni swali ya kawaida. Dzaleka hakuna swali ya kawaida. Hapa tumekaa miaka tukiulizwa: ulitoka kijiji gani, ulilala wapi, nani alikuona. Jibu moja inapandisha jamaa kwenye ndege ya Kanada, jibu ingine inaiacha hapa na ugali yake ya nsima. Kwa hiyo tumejifunza kitu moja vizuri sana: haujibu swali mbele ya kujua walioulizwa walijibu nini. Muntu akitoka kwenye chumba, tunamuzunguka. Walikuuliza nini? Ulisema nini? Waliandika ao walikunja uso?

Wa kwanza kutoka kwa Madamu Charlène alikuwa Lévi, fundi wa masuruali, muntu wa kujua habari kabla haijatokea. Alisema alijibu masikio, na Madamu alisema "très bien". Ikatosha. Mbele ya chakula cha mangaribi, kambi ilikuwa imekwisha kupanga yote: ba masikio batapewa kazi, ba mikono batapelekwa kulima mashamba ya tumbaku, na ba macho batapimwa macho, na mwenye macho mabovu atakatwa jina. Nani alisema? Banasema. Hiyo "banasema" ina nguvu kuliko radio.

Balagizi alikuja kwa meza yangu akijishika kwa nguzo.

"Mama Carmen, hii swali ya macho. Nani alienda kuwaambia?"

"Kuwaambia nini, Papa Balagizi?"

"Hapana. Nauliza tu." Alisimama pale, akinusa hewa, kama mimi ni kitenge. "Kwa sababu muntu hawezi kuamka asubuhi na kuuliza juu ya macho. Kuna mwenye kuongea."

Nilitaka kumuambia, muzee, kambi nzima inajua, kaa chini. Nilimuona vile anaogopa na huruma ilinishika, na hasira pia, kwa sababu hata pale alikuwa ananishuku mimi.

Tulijibu bote masikio. Mimi pia, niliyejua kila kitu kwa kuchungulia, nilikaa mbele ya Madamu nikasema, "Mi ni masikio tupu." Mwisho alitukusanya chini ya turubai, akatuangalia mumoja mumoja.

"Bapapa na bamama," alisema, "mafundi wote wa nguo, na hakuna hata mumoja anajifunza kwa kuona ao kwa kushika?"

Lévi aliangalia viatu vyake.

Hakucheka. Alisema hakuwa anaandikisha muntu popote, alitaka tu tuanze kuongea. Akasema hata hiyo habari ya kugawa bantu, huyu wa macho, huyu wa masikio, wenye kusoma mambo hayo banaibishia sana, na walipoipima hawakuona kama inasaidia. Muntu mumoja ana njia zote. Anaona, anasikia, anashika. Kitu kinachomukosa mara nyingi, akasema, ni muntu wa kukaa karibu yake na kumuambia: hapa umepotea, rudia. "Mwenye kujifunza kwa kuchungulia tu, anabeba yote. Anabeba na makosa ya mwalimu, kwa sababu hakuna mwenye kumuambia hii usiibebe."

Balagizi alisimama. "Makosa gani? Mwalimu yangu hakuwa na kosa."

"Sisemi yeye, Papa."

"Umesema mwalimu. Mi nilikuwa na mwalimu mumoja." Na akatoka, akigonga kiti ya Lévi, na ile kazi ya kufundisha hakuiomba tena. Akaniambia kwamba ule binti ametumwa na mafundi ba Lilongwe kuja kuchukua bega, kwamba simu yake ilikuwa inapiga picha ndani ya mukoba. Nikamuuliza alionaje, kama iko ndani ya mukoba.

Haikupita muda, mama mumoja wa Area 25 kule Lilongwe, Orpa, alileta libaya ipanuliwe. Alikuwa amenenepa, Mungu amubariki. Balagizi aliishika, akaanza kuipapasa kama kawaida yake, akafika bega ya kushoto, vidole ikasimama. Akaingiza kidole ndani. Akarudi kulia. Akarudi kushoto tena.

"Hii niliishona lini?"

"Si we, Papa. Nilishonesha kule kule Area 25."

"Kwa nani?"

Orpa akabadilika uso. "Kwa fundi," akasema. "Fundi tu." Akachukua libaya yake mukononi mwa Balagizi akaondoka bila kupanuliwa. Sikumulaumu. Siku hizi ukitaja jina ya mukimbizi anayefanya kazi Lilongwe, kesho banamukamata na we unaitwa mwenye kuuza bantu.

Balagizi alikaa na mikono wazi. Kisha akasema polepole, "Kikulacho ki nguoni mwako." Na nguoni, kwa hesabu yake, ilikuwa Charlène na simu yake, ama mimi. Kuhusu mimi alikuwa na ushahidi: nakaa mbele, nina macho mazuri, na siku moja Carmen alitamka kwamba mama yake alifumua libaya. Asante, mutoto yangu.

Mi nilishajua ni nani. Nani mwingine alikaa chini ya ile meza? Lakini ningemuambia, angeniuliza nimejuaje, na nani amenituma. Nikasubiri. Kesho yake akaja amevaa koti yake nyeusi ya kanisa.

"Tunaenda Lilongwe kutafuta mwizi. We utakuja na mimi."

"Mimi unayenishuku?"

"Njo maana. Mwizi afadhali utembee naye."

Ukweli ni kwamba hawezi kusoma kibao cha minibasi. Yeye alijua, mi nilijua, na tulienda kuomba ruhusa ya kutoka kambini bila mumoja wetu kuisema. Njiani aliniuliza, "Ukikuta muntu amekuibia kazi ya maisha yako, unamufanya nini?" Nikamuambia sijui, mi sina kazi ya kuibiwa. Akasema atamunyanganya makasi mbele ya bantu bote.

Soko ya Area 25 ilitupokea vile ungepokea polisi. Fikiri: muzee murefu, koti nyeusi, anasimama kati ya nyanya na kuuliza, "Kuna fundi Mukongomani hapa?" Maongezi ilikufa. Mama wa samaki, niliyemusikia kwa masikio yangu akigombeza mutoto wake kwa Kiswahili ya Uvira, alinijibu kwa Chichewa kwamba hasikii ninachosema, zikomo. Kijana wa kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu, alisema bafundi bote balirudi kambini. Mwingine alituonyesha njia, tukaifuata, ikatupeleka kwenye choo. Kila tulikopita, mashini za kushona zilinyamaza moja moja. Balagizi alikuwa anasikia. "Bananificha," alisema. Kwa mara ya kwanza nilimuona yeye njo anashukiwa, na haikunifurahisha vile nilifikiri.

Nilimukalisha kwa muuza mandasi, nikaenda kumutafuta Orpa. Nilimukuta anauza mafuta ya kupaka, amevaa ile ile libaya, imemubana. Akaniona akataka kufunga.

"Mama Orpa, sikutumwa na muntu," nikamuambia. "Ule ni baba yake."

Alichungulia. Balagizi alikuwa amekaa na mandasi mukononi, anaangalia fasi ambako hakuna kitu. Orpa alimuangalia, kisha akaangalia bega yake mwenyewe.

"Haoni?"

"Haoni."

"Na binti anajua?"

"Hata yeye mwenyewe hakubali."

Akafunga meza yake, akatutangulia bila kusema zaidi. Balagizi alinishika mukono, akauliza huyu ni nani. Nikamuambia ni muntu anayejua njia. Tulipita nyuma ya nyumba ya mama mumoja Mumalawi, kwenye chumba cha uani, mulango wake pazia tu. Mashini ilikuwa inapiga ndani. Orpa alitaka kuita, na mi nikamushika, sijui kwa nini. Mashini ikasimama, na musichana mudogo, sauti ya mwanafunzi, akauliza:

"Dada, hii ya kushoto, kwa nini unaishusha na makasi, kisha unaipandisha tena na kikunjo?"

Na Stéphanie akajibu, "Nani amekutuma kuuliza?"

"Hakuna, Dada. Naona tu."

"Muntu haulizi kitu kama hiyo peke yake, Gabriella. Nani amekutuma? Ni bale ba sokoni?"

Mukono ya Balagizi ilikaza juu ya yangu mpaka ikaniuma. Mutoto wa nyoka ni nyoka, nilitaka kumuambia, nimezoea kumuchokoza. Lakini niliangalia uso yake, nikaacha. Alikuwa anasikiliza. Nilifikiri sasa ataingia kumunyanganya makasi. Alisukuma pazia.

"Hakuna mwenye kumutuma," alisema. "Anataka kujua."

Stéphanie alisimama na makasi mukononi. Hakulia, hakukimbia. Alisogea mbele ya meza kuificha na mugongo yake, na sidhani alijua kwamba anafanya vile.

"Papa," akasema. "Sikuiba."

"Uliiba." Aliipapasa njia mpaka kwenye meza, akapata kitambaa, akapata bega. "Uliiba vizuri." Kisha akageuka upande ile sauti ya mwanafunzi ilitoka. "We uliuliza kwa nini. Ni kwa sababu..."

Akasimama. Nimemujua Balagizi miaka mingi, na sijawahi kumuona anakosa neno juu ya nguo. Akaanza tena. "Papa Delphin hakuwa anapenda metre. Alikuwa anatupa kitambaa hapa." Akapiga bega yake ya kushoto. "Juu ya mwili yake mwenyewe. Anaweka chaki, anakata. Nilikuwa na fagio, nilimuona kila siku. Ya kushoto anaishusha. Kwa sababu..." Akashika ile bega tena. "Camion ya bia ilikuwa imemugonga, kabla mi nifike kwake. Bega ile ilibaki chini. Alitembea vile, bote balimujua vile."

Orpa alikuwa ameshika mudomo.

"Ilibaki chini," Balagizi alirudia. "Alikuwa anajikatia yeye. Na mi nikaibeba. Nikakatia wake ba bantu bega ya muzee aliyegongwa na gari, na kikunjo niliiweka mi mwenyewe kuifunika, nikaiita siri." Akashusha mikono. "Haiko siri. Ni kosa."

Mi nilikaa chini kwenye ndoo. Ile bega nilikuwa naiwinda miaka yote, na wivu yote ile, na libaya niliyoharibu! Ningeweza kucheka ama kupiga muntu. Nilifikiria Madamu Charlène chini ya turubai, na vile tulitoka tukimusema.

"Stéphanie, kuja," Balagizi alisema. Alimuwekea mikono juu ya mabega, moja huku, moja kule, akazipima kwa kiganja kama hajawahi kuzishika. "Iko sawa. Zote mbili iko sawa. Kata zote mbili sawa, kisha ile kikunjo uiache. Ukimaliza, mi nitashika, nitakuambia fasi umepotea. Na huyu mutoto akiuliza, umujibu."

"We ulinifukuza juu ya ile swali," Stéphanie alisema, na sasa alikuwa analia. "Nilikuuliza tu kwa nini."

"Nilifikiri umejua."

"Nimejua nini?"

Nilimuona anageuza kichwa kutafuta ukuta, na ukuta ulikuwa mbali.

"Macho ilikuwa imeanza. Uliuliza juu ya kushoto, nikafikiri umeona nimekata vibaya, nikafikiri Mama Carmen amekutuma kunipima kama ningali naona. Nikakutoa kabla useme."

Stéphanie aliniangalia. Nilitikisa kichwa kwamba sikumutuma muntu, na kwamba ndiyo, ni kweli, haoni. Alifuta uso na kipande cha kitenge. Balagizi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mashini, anapapasa kando ya meza mpaka akapata sindano. Akaishika juu, mbele ya bote, mbele yangu mimi niliyeingiza uzi ya vidole kuvimba miaka yote ile.

"Niingizie uzi," alimuambia binti yake. "Sioni."

Akamuingizia.